Mama wa Mapaa ya Santa Rufina Aaga Dirisha la Vibali

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Doña Casimira Huallpa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, kutoka dirisha la vibali vya ujenzi la manispaa yetu.

Alianza akiwa mpiga chapa. Alipopandishwa kuwa mkaguzi, alikuwa mkali hata watu wa mitaa ya mlimani wakawa wanamwaga zege bila kibali Jumapili asubuhi, wakijua yuko kanisani anaimba. Alipojua, akahamia kwaya ya misa ya jioni.

Ndipo Don Fortunato Ticona, fundi viatu wa Alto Molino, mtaa wa mlimani, alipobuni hila. Alimwomba awe mama wa ubatizo wa paa la ghorofa yake ya tatu, maana kwetu aliyelivunjia paa chupa ya baraka hawezi tena kulishtaki. Doña Casimira alivunja chupa, akala simbilisi wa kuchoma, akacheza. Kisha akauliza kibali kiko wapi.

"Mama wa paa," Don Fortunato alimjibu mbele ya wageni, "nyumba hii nimeshailipia nzima mara mbili. Nikilipa ya tatu, nipeni na ofisi yenu."

Wageni walicheka, Doña Casimira hakucheka. Jedwali letu la ada lilinakiliwa kutoka mji mkuu, ambako nyumba hujengwa ikaisha. Hapa haiishi: babu humwaga paa la kwanza, na nondo hubaki zimechomoza juu zikimngoja mjukuu. Lakini kila ghorofa ilitozwa kama nyumba mpya. Kwa hiyo watu walijenga kwa kujificha, bila mhandisi, na mwaka uliotangulia ukuta wa jirani yake Don Fortunato ulikuwa umeangukia kitanda cha watoto. Kwa bahati, watoto walikuwa shuleni.

Kwa miaka miwili Doña Casimira alidai ada mpya: mtu alipie ghorofa anayoongeza tu, na ukaguzi wa mhandisi uwe humo humo. Meya wa wakati huo alihofia mapato. Mhasibu wa manispaa alimtania kwamba anawapendelea watoto wake wa ubatizo, yaani mapaa ya mlimani. Siku madiwani walipopiga kura, Doña Casimira alikuja na akina mama wa mlimani, wakajaza ukumbi hadi kwenye ngazi, naye akasema maneno ambayo sokoni wanayakumbuka hadi leo:

"Waheshimiwa, anayejificha halipi kitu. Na ukuta wake ukianguka hauulizi risiti."

Ada mpya ilipita kwa kura moja. Asubuhi iliyofuata foleni ilifika duka la mikate, na wa kwanza alikuwa Don Fortunato, amevaa suti yake ya harusi. Tangu hapo hakuna ukuta ulioanguka mlimani. Mapato nayo yakapanda, hadi mhasibu yule akaomba awe baba wa ubatizo wa paa.

Jumanne iliyopita Doña Casimira alitoka nje, akapanga foleni mbele ya dirisha lake mwenyewe. Anataka kuongeza ghorofa ya pili, kwa ajili ya binti yake anayerudi nyumbani. Watu walimpisha, akakataa.

"Kaeni mlipo, wanangu. Foleni hii tuliipigania."

Doña Casimira, asante. Jumapili tutapanda kwako na ndoo zetu kumwaga zege, na Don Fortunato atavunja chupa. Tunakuombea afya, vicheko na paa lisilovuja. Nondo za juu usizikate. Ghorofa ya tatu bado.

Yesenia Poma, mwanafunzi wa mafunzo kazini, Idara ya Vibali