Chewa wa Wakwe

Gari la moshi la Bububu lilipoondoka mjini, bibi mmoja aliyekaa mbele yangu alifunua pakacha lake akamwonesha mvuvi wa Kitumbatu aliyekaa ubavuni pake. “Tazama, baba, chewa wangu ana vinundu tumboni! Na wakwe wa binti yangu nnawalisha leo.”

Mvuvi akakibonyeza kimoja. “Mnyoo huo, Bi mkubwa. Ulimwingia, mwili wake ukauzungushia ngozi, ukaufunga humo humo. Samaki dhaifu hayawezi hayo.”

Nikajisemea kuwa samaki ana serikali bora kuliko sisi. Marehemu mke wangu aliugua tumbo mpaka akafa, wakubwa wa hospitali ya serikali wakimwambia angoje.

“Basi njoo uwaambie wewe kwamba mnyoo umo kifungoni!” bibi akamwambia mvuvi.

“Vitoe kwa kisu, umkaange. Mtamu huyo.”

“Na nikisahau kimoja?”

“Mwombe Mungu kiangukie sahani ya mkwe mkali.”

“Wote wakali!” akasema bibi, akizuia kicheko.

“Basi usivitoe.”

Gari likasimama. Bibi akalifunika pakacha upesi, maana mama mkwe wa bintiye alikuwa pale kituoni, keshanyosha mikono kumpokea mzigo.