Kioo Kilichoanikwa Kama cha Malaria

Damu ilinishuka kwenye matanga ya mama mkwe wangu, saa sita mchana, hema limejaa watu na mimi nimebeba sinia la obusuma, ugali wetu. Nilihisi joto miguuni. Kutazama chini, viatu vimelowa. Wifi yangu Rosa akapiga kelele, "Oneni huyu! Ametoa mimba ya nje, sasa anakuja kuitupa kwa mazishi yetu!" Watu wakacheka. Ndugu zangu, nawaambia, watu wakacheka na jeneza liko pale.

Tangu asubuhi nimekaa kwa benchi hili la kanisa nikingoja zamu yangu. Mwenyekiti wa akina mama ameniambia, "Dada, toa ushuhuda, lakini usitaje mtu." Nitataja. Shule niliachia darasa la nne, lakini majina nayajua. Rosa nimeshamtaja. Wa pili ni Makokha, mwenye maabara pale sokoni, huyu mnayemwita daktari, huyu aliyeketi na wazee wa kanisa. Usitoke, mzee. Bado.

Wacha nirudi nyuma, mwaka ule vyama vingi vya siasa viliporudi. Nilikuwa napalilia miwa ya watu huku Lurambi. Nikaanza kuona damu isiyo ya siku zake, hasa nikishakuwa na mume wangu. Mbona mnaangalia chini? Hapa tuko watu wazima. Nikasikia kuna kipimo: mlango wa kizazi unakwanguliwa kidogo, ule utelezi unapakwa kwenye kipande kidogo cha kioo, kinaangaliwa kwa darubini. Makokha akasema hata yeye anafanyanga.

Nesi wake akanikwangua. Makokha akachukua kioo, akakiweka dirishani juani, kwenye mstari na vioo vya damu ya malaria. Nikamuuliza, "Daktari, kwani vyote vinaanikwa pamoja?"

Akacheka. "Mama, wewe kuanika unajua ni kwa mahindi. Niachie kazi yangu."

Jioni akanipa kioo kimefungwa kwa gazeti, pamoja na karatasi. Ameandika: safi.

Safi! Nikaiweka kwenye Biblia. Damu ikija, nafungua, nasoma, natulia. Hilo ni kosa langu na silifichi. Miwa ikakatwa, ikachipua, ikanifika kifuani, mimi bado nasoma karatasi. Mpaka siku ya matanga.

Siku hiyo aliyenisogelea alikuwa Zuhura, Mwislamu wa Mumias anayeuza leso. Akanifunga leso mbili za biashara yake, akamwambia Rosa, "Wewe, mdomo wako ni choo," akanipeleka hospitali. Huko wakanituma Nairobi.

Daktari wa Nairobi alikuwa msichana tu, umri wa binti yangu. Akanikwangua upya, na kesho yake akaniita kwenye darubini. "Mama, kila chembe ya mwili ina kiini, kama yai. Kiini kizima kina umbo lake, na ndani kuna kama wavu unaokishikilia. Kikibanwa kinabonyea, kikiachwa kinarudi. Vyako vimeharibiwa umbo na saratani." Nikainama. Haki ya Mungu, niliviona: vikubwa, vyeusi, kingo zimekunjamana kama maharagwe yaliyoharibika.

Nikampa kile kioo cha zamani, nilichokuja nacho na Biblia yangu. Akakiangalia muda mrefu. "Hiki kilianikwa?"

"Juani. Na vya malaria."

Akavua miwani. "Mama, damu ya malaria huanikwa. Hiki kinazamishwa kwenye spiriti papo hapo, kikiwa kibichi. Kikikauka kwanza, viini vinavimba na kutandazika, cha mzima na cha mgonjwa huwezi kuvitofautisha. Hapa mtu hawezi kuandika safi. Hawezi kuandika mgonjwa pia. Anakuita tu urudie."

Mpaka saa hiyo nilikuwa nataka kurudi nyumbani nife. Ndipo hasira ikaniinua. Nikamwambia, "Nitibu, binti yangu. Kuna mtu nataka kumuuliza swali."

Wakanitoa kizazi, wakanichoma na miale wiki baada ya wiki, nikatapika mpaka maji. Sasa ni mwaka wa tatu, wananipima hawaoni kitu.

Nashukuru Zuhura. Mpaka leo amekataa nimrudishie leso. Nashukuru mume wangu, aliyefua nguo zangu mtoni wanaume wenzake wakimwita mama. Nashukuru yule daktari. Mungu nilishamshukuru tukiwa wawili.

Dada zangu, karatasi ikisema safi na mwili ukikataa, aminini mwili. Na mkipimwa, fuateni kioo kwa macho: kimeenda kwa spiriti ama kwa dirisha?

Kwa sababu juzi nilipita sokoni. Vioo viko dirishani kwa Makokha, na nesi wake akaniambia vingine ni vya kizazi, vya akina mama wa kanisa hili. Nani hapa ana karatasi ya Makokha? Inueni mikono, msiogope. Mmoja. Watatu. Mama mchungaji, hata wewe?

Mzee Makokha, sasa simama. Msamaha sitaki leo. Kioo changu ulikiweka chini ya darubini, ama uliandika tu? Na hawa wenye mikono juu, ni lini utawaambia warudie, tena mahali pengine? Usimwangalie mchungaji. Wajibu hawa.