Argiris Belos wa Livadia, na Nyama Aliyokatiwa

Wasifu huu unasomwa na Kaliopi Skura, mdogo wa mjane. Kaka mdogo wa marehemu, Miltos, alikuja kutoka Athene na wasifu aliouandika yeye, umeshachapwa, una picha ya marehemu ameshika vijiti kumi na viwili vya mishikaki kwa mkono mmoja. Mjane, Evanthia, aliusoma mara moja, akaukunja mara nne, akauweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Kwa hiyo mtasikiliza huu.

Marehemu Argiris Belos alizaliwa tarehe 2 Desemba 1946 katika kijiji cha Arahova, mtoto wa kwanza wa mchunga kondoo Stathis Belos na mkewe Garifalia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto familia iliteremka Livadia, ikapanga chumba kimoja karibu na chemchemi za Kria. Alisoma shule ya msingi hadi darasa la tano. Mwalimu alimtimua mara mbili kwa kuongea sana, na ugonjwa huo haukupata dawa mpaka mwisho.

Mwaka 1961 mzee Stathis alifungua kibanda cha mishikaki pale pale Kria. Alikaa mbele, akapokea sifa. Aliyekata nyama nyuma ya pazia alikuwa Garifalia. Bega la nguruwe, vipande vidogo vya ukubwa wa ncha ya kidole, vimebanana kwenye kijiti cha tete, na kila baada ya vipande vitatu kimoja cha mafuta ya shingo. Chumvi baada ya moto, limau, kipande cha mkate. Basi. Marehemu alirithi kiti cha baba yake, na mambo mengine yote yakabaki nyuma ya pazia.

Tarehe 17 Septemba 1972 alifunga ndoa na Evanthia Skura wa Seres, kule kaskazini. Wiki ya kwanza bibi harusi alikata nyama kama walivyokata kwao, vipande vikubwa. Marehemu alikinyanyua kijiti mbele ya wateja.

"Jamani, njooni muone! Mke wangu kanikatia matofali. Huko kwenu mnachoma nyama au mnajenga ukuta?"

"Huko kwetu mtu akila anashiba," Evanthia alimjibu. "Hapa kwenu anamaliza vijiti ishirini, halafu anauliza chakula kinaletwa saa ngapi."

Wateja walicheka mpaka wakashika matumbo. Marehemu hakucheka. Mama mkwe, Garifalia, ndiye aliyemshika Evanthia mkono akampeleka nyuma ya pazia, akamfundisha kulaza nyama kwenye baridi, kugeuza kisu, kujua mafuta yapi yanayeyuka na yapi yanabaki kama mpira. Miaka miwili baadaye alimwambia, "Mwanangu, umenipita, na mimi sisemi hivyo kwa mtu." Garifalia alifariki 1975. Tangu siku hiyo, kila kipande cha nyama kilichotoka kwenye kibanda cha Belos kilikatwa na Evanthia.

Haki itendeke. Tarehe 9 Machi 1976, binti yao alipozaliwa na Evanthia akiwa bado hospitalini, marehemu aligawa mishikaki bure kwa mtaa mzima. Alikata mwenyewe. Nje ilikuwa makaa, ndani mbichi, na mafuta aliyasahau kabisa. Majirani walikula yote bila neno, kwa sababu mwanamume alikuwa analia kwa furaha huku anageuza vijiti. Siku ile alipendeza, na Evanthia mwenyewe huisimulia akitabasamu.

Mwaka 1983 palikuwa na mashindano ya mishikaki Athene. Watu wa Kupro walileta mapande makubwa kama ngumi, kwenye vyuma virefu vinavyozungushwa taratibu. Wa Krete walikuja na kondoo na chumvi tupu. Wa Thesalonike waliipaka nyama haradali. Wenyeji wa Athene waliifunga ndani ya mkate pamoja na mtindi, vitunguu na viazi vya kukaanga. Marehemu aliwatukana wote, mmoja baada ya mwingine, na hao wa Athene aliwauliza kama wameificha nyama kwa sababu wanaionea haya. Kisha akashinda. Mwandishi wa gazeti akamuuliza mkono ule wa kukata nyama ni wa nani.

"Wa marehemu baba yangu," alisema.

Evanthia alikuwa hatua moja nyuma yake, amebeba beseni, kidole kimefungwa kitambaa. Walipokuwa ndani ya basi alimuuliza, "Argiris, baba yako? Yule aliyekuwa hajui kumenya hata kitunguu?"

"Ulitaka niseme mke wangu? Wangenicheka mpaka Krismasi."

Evanthia aligeukia dirisha, na hakugeuka tena mpaka Livadia. Watu husema muda hufuta mambo. Hili halikufutika, na anayesoma hapa ni shahidi, kwa maana ameishi nao nyumba moja miaka thelathini na moja na amesikia kisu cha dada yake kikigonga ubao kila alfajiri.

Oktoba 2023 madaktari waliona mapafu ya marehemu yamechoka kwa moshi. Kibanda kilifungwa, na Evanthia akamuuguza: alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani. Januari mwaka huu, akiwa amelazwa Athene, marehemu alimwita kaka yake karibu. "Miltos, jiko ni lako. Libaki kwenye damu ya Belos." Evanthia alikuwa pale pale, anamkausha miguu kwa taulo. Alimaliza kuikausha, akamvalisha soksi, akatoka nje. Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi.

Jana Miltos alifungua kibanda kwa ufunguo wake. Ameshanunua nyama ya vijiti mia tatu, anataka kuichoma leo baada ya maziko, Livadia yote ione kwamba mkono umebaki kwa akina Belos. Padri Lukas alimkataza. "Miltos, tangu lini watu wanakula nyama maiti hajapoa? Msibani ni samaki." Miltos akajibu kwamba kaka yake alikuwa mtu wa mishikaki na atasindikizwa kwa mishikaki. Kisha akaja jikoni kwa Evanthia, kisu mkononi.

"Shemeji, nionyeshe basi inavyokatwa."

"Muulize kaka yako," Evanthia alisema. "Tunamzika kesho. Wahi."

Marehemu ameacha mjane, Evanthia, binti, Garifalia, wajukuu wawili, Stathis na Zinovia, na kaka mmoja, Miltos.

Tukitoka makaburini patakuwa na meza mbili. Kibandani kwa Miltos kuna nyama, imekatwa na Miltos. Nyumbani kwa Evanthia kuna supu ya samaki, kama desturi ilivyo, na mwenye nyumba atasimama mlangoni kuona nani kaelekea wapi. Alhamisi ijayo, tarehe 20, ni Alhamisi ya Moshi, Ugiriki nzima inachoma nyama kabla ya Kwaresima. Siku hiyo Evanthia atawasha jiko lake mwenyewe ng'ambo ya mto wa Kria, akiwa na nguo zake nyeusi, na safari hii hakuna pazia. Mtakaosema siku arobaini hazijaisha, semeni tu, ila semeni mkiwa kwenye foleni.

Mungu amlaze Argiris mahali pema. Mjane ameomba maneno yake mwenyewe ndiyo yawe ya mwisho, na yanasomwa kama alivyoyatamka:

"Argiris, nilikukatia nyama miaka hamsini na hukusema hata siku moja. Sasa nimesema mimi, mbele ya watu wote, na huwezi kunikatiza. Pumzika."