Tulimshikilia Shangazi Wima

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi,

Utuwie radhi kwa shuka hilo lililobaki mezani, limekunjwa upande mmoja. Lilikuwa bado halijamalizika gari lako lilipoingia getini. Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili, na mmoja wa wawili hao leo hayupo. Ni kwa ajili yake tumeandika risala hii.

KARIBU

Karibu katika chumba cha pasi. Tunashukuru umekuja mwenyewe kuzindua mashine mpya. Joto unalolisikia ni afadhali kuliko la siku zote, kwa sababu leo madirisha yamefunguliwa.

HISTORIA

Tuko kumi na wanne. Tunapiga pasi na kukunja mashuka ya hospitali na nyumba za wageni, wima tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa. Shangazi, kama tunavyomwita wote, hata waliomzidi umri, ana miaka kumi na tisa hapa. Ndiye anayewafundisha wapya: "Pembe kwa pembe, mwanangu, shuka halitaki haraka."

MAFANIKIO

Tangu mwaka uanze hakuna shuka lililoungua. Tulikuwa na ukurasa mzima kuhusu hilo, tukauondoa ili nafasi itoshe kwa yafuatayo.

CHANGAMOTO

Jumanne iliyopita, saa sita kasorobo, Shangazi alisema, "Jamani, mbona mnaenda mbali?" Hakuna aliyekuwa amesogea. Uso ukampauka, jasho likamtoka, akalegea. Tulimdaka kabla hajafika chini. Sakafu ilikuwa na maji, naye ni mtu mzima, mama wa watu. Tuliona vibaya kumlaza pale mbele ya wabeba mizigo. Basi wanne wetu wakamshikilia wima ukutani.

Mmoja alisema apigwe kofi. Mwingine, anyweshwe maji. Aliyesema anusishwe kitunguu alitoka kwenda kukitafuta, akarudi mambo yamekwisha. Shangazi hakuzinduka. Mikono yake ikaanza kurukaruka. Msimamizi alipoingia, wale wanne walikuwa wamechoka, Shangazi akawaponyoka mpaka sakafuni, na hapo hapo akafumbua macho, akauliza, "Nani ameniloweshea gauni?"

Msimamizi alitaka tuandike tulichoona. Tukaandika: ameanguka kifafa. Tukatia sahihi sote kumi na watatu. Hakuna aliyetulazimisha. Ndivyo tulivyoamini.

Kwa karatasi hiyo Shangazi amesimamishwa kazi. Kesho saa tatu asubuhi kikao kitaamua kama aondolewe kabisa, kwa kuwa ni hatari mtu wa namna hiyo kuwa karibu na mashine za moto.

Juzi tulimsimulia haya muuguzi mmoja, wifi wa mwenzetu mpokea mashuka.

"Mlimlaza chini?"

"Hapana, dada. Tulimshika vizuri kabisa."

"Wima?"

"Wima."

Alijishika kichwa. "Jamani! Damu haimfikii kichwani, mwili unamwangusha ili ifike, nyinyi mnamsimamisha tena!"

Akatueleza polepole, nasi tukaandika. Anayezimia alazwe chali, miguu iinuliwe, nguo zilegezwe shingoni, watu wampishe apate hewa. Asipigwe, asinyweshwe kitu kabla hajazinduka sawasawa. Akizinduka asikurupushwe, akae kwanza, ndipo asimame. Dakika ikipita hajazinduka, au hapumui vizuri, aitiwe msaada wa hospitali mara moja. Akasema pia kwamba aliyezimia tu anaweza kurukaruka mikono kidogo, hasa akishikiliwa wima.

Tukamuuliza, "Kwa hiyo si kifafa?"

"Sijui. Sikuwepo. Hilo ni la daktari. Nyinyi mmekuwa madaktari tangu lini?"

Mheshimiwa, hapo ndipo tulipochanganyikiwa, na mpaka sasa hatujatulia. Tulichokiona tulikiona. Lakini hatujui kama tuliona ugonjwa wa Shangazi au kazi ya mikono yetu wenyewe. Jana tulifanya mazoezi mezani, mpokea mashuka akijifanya amezimia. Tulibishana mto ukae kichwani au miguuni mpaka yeye mwenyewe akafumbua macho na kusema, "Miguuni, jamani, nimeshakufa mara mbili!" Wenzetu wawili bado hawajakubali.

MAOMBI

Tunaomba karatasi yetu ya Jumanne isisomwe kikaoni peke yake. Isomwe pamoja na hii. Hatusemi Shangazi ni mzima. Tunasema sisi si wa kusema. Apimwe na daktari kwanza, ndipo kikao kikae.

Tunaomba pia anayesikia kizunguzungu aruhusiwe kujilaza chini bila kuandikwa mvivu. Na madirisha haya, ukishaondoka, yasifungwe tena.

Shuka lile, kwa ruhusa yako, tunaliacha lilivyo. Yeyote kati yetu angeweza kushika pembe zile mbili, ila yule anayekunja na Shangazi siku zote amekataa. Anasema atalimalizia kesho, baada ya saa tatu, na mwenye nusu yake.

Mungu akujalie afya njema, na ikitokea ukazidiwa, popote utakapokuwa, upate watu wanaojua kukulaza.

Ni sisi wafanyakazi wa chumba cha pasi. Sahihi kumi na tatu ziko hapa chini. Mstari wa kumi na nne tumeuacha wazi.