Dalmas Sitati na Nyumba ya Kabazi

Wapendwa mliofika kutuliwaza, mimi ni Nakhumicha, dada mdogo wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake, nikikwama naomba mnivumilie.

Kaka yetu Dalmas Sitati alizaliwa tarehe 14 Juni 1971 katika nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi wa mabehewa, na sote wanane tulilala chumba kimoja, pazia likiwa ndilo ukuta kati yetu na wazazi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akaingia sekondari mwaka 1986, lakini baba alipofariki Agosti 1987 aliacha masomo akiwa kidato cha pili, akajifunza useremala, kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Tarehe 5 Desemba 1998 alifunga ndoa na Jepkemei, binti kutoka Subukia, na Mungu akawajalia Shantel mwaka 2000 na Travis mwaka 2004.

Mwaka 2013 walinunua ploti hii ya hapa Kabazi pamoja na nyumba mnayoiona nyuma yangu, iliyojengwa na mkulima Mwingereza mwaka 1908 kwa mtindo wa enzi za Malkia Victoria, nyumba ya ghorofa, yenye madirisha yaliyochomoza na dari za mbao za mtarakwa, ikiwa imekaa miaka kumi na tisa bila mtu. Kila aliyeiona alimwambia aibomoe auze mawe, naye alijibu, "Ina vyumba vinne vya kulala, na kila kimoja kina mlango wake." Familia ikahamia jiko la nje, "miezi sita tu," alisema, na huko ndiko wanakoishi mpaka leo.

Shantel alikwangua rangi kuukuu hadi vidole vikatoka damu, Jepkemei alichanganya chokaa, Travis alishika upande wa pili wa msumeno. Mwaka 2018 waliezua paa lililooza, na kabla mabati mapya hayajafika, mvua ya Aprili ilinyesha wiki tatu mfululizo, dari waliyokuwa wameimaliza ikaanguka yote, na kaka akaketi kwenye ngazi akalia mbele ya watoto. Kesho yake alianza upya.

Mwaka 2022 alianza kukohoa, na Februari 2023 daktari alimwambia mapafu yake yameharibiwa na vumbi la mbao na chokaa, asilikaribie tena. Jepkemei akauficha msumeno, akamwambia, "Baba Shantel, hii nyumba itakuua, tuiache." Naye akasema, "Nikiiacha sasa, niliwalaza jikoni miaka yote hii kwa nini?" Jepkemei akaurudisha msumeno.

Tarehe 9 Machi 2025, akiwa hawezi tena kutembea, aliomba apandishwe juu, kwenye chumba pekee kilichokamilika, na Travis na mama yake wakambeba kwa kiti, wakamlaza kwenye godoro. "Travis, funga mlango," alisema. Mbao zilikuwa zimevimba kwa unyevu, mlango ukakataa. Akaomba randa yake apunguze mbao za ukingo, akawekewa mkononi, mkono ukashindwa kuiinua. Travis aliusukuma mlango kwa bega, akausukuma tena, huku baba yake akimwambia kwa sauti ndogo, "Usiuvunje, usiuvunje." Kesho yake alizidiwa, akakimbizwa hospitalini Nakuru, na huko alifariki tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi.

Wiki hii watu wawili wamefika kuuliza kama mbao za mtarakwa zinauzwa. Jepkemei ameniomba niseme kwamba hajui, hajui kama ataendelea, hajui kama atabomoa, na anaomba asiulizwe leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokuja na maturubai kila paa lilipovuja, na maseremala wenzake wa Nakuru waliotengeneza jeneza hili kwa mikono yao.

Kaka, umefanya kazi ya kutosha. Lala sasa, Mungu akupokee kwa amani.