Nguzo Imekula Nini?

Benchi liko nje ya saluni ya Wembe, upande wa kivuli, na mguu wake mmoja umekalia kipande cha tofali alichokiweka Tofali mwenyewe, akaapa ni cha muda tu. Muda huo haujaisha hadi leo. Tofali ni mwashi, rafiki wa Wembe tangu enzi za kamasi. Wenzao ni Breki, dereva wa lori aliyestaafu ila mdomo wake bado uko barabarani, na Spika, ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. Asubuhi hiyo Spika alikuwa kwenye kiti, shuka shingoni, ananyolewa hapohapo nje ili asipitwe na maneno. Birika la kahawa lilikuwa katikati, na macho yote yalikuwa kwa Tofali.

— Nimeacha maharage, alisema Tofali. Na mayai, na samaki. Daktari kasema protini imepanda.

— Imepanda wapi? akauliza Breki.

— Kichwani.

Chanzo Wembe alikijua. Tofali alianguka kutoka jukwaani akipiga plasta, akajigonga kichwa, akainuka akicheka. Msimamizi akamlazimisha kwenda hospitali. Huko wakamtoa damu, wakamwambia arudi haraka apigwe picha ya kichwa. Akarudi kazini.

— Hebu sema kama alivyosema daktari, Wembe alimwambia. Usiongeze chumvi.

— Kasema ndani ya ubongo kuna seli zenye umbo la nyota. Zina protini yake ndani, inazishikilia zisilegee, kama nondo kwenye nguzo. Sasa hiyo protini imeonekana kwenye damu yangu, tena nyingi.

— Na picha?

— Picha ya nini? Mimi si mgonjwa, bwana. Nimepanda protini tu, naishusha kwa mboga za majani.

Spika akaruka kitini.

— Nyota! Mtu ana nyota kichwani, mnamsikitikia? Nyota njema huonekana asubuhi!

— Tulia, nitakukata sikio.

— Niache, Wembe! Bahati ya huyu imejaa mpaka imemwagikia kwenye damu!

— Hamna kitu, Breki alidakia. Haba na haba hujaza kibaba. Miaka yote hiyo anafakamia maharage, leo kibaba kimefurika. Hata lori lina kiasi chake.

— Mbona yamefurikia kichwani, si tumboni? akauliza Spika.

— Tumboni kuna mlango wa kutokea. Kichwani upo?

Wakacheka mpaka benchi likatikisika. Tofali naye akacheka, akatia sukari kwenye kikombe. Akakoroga. Akatia tena. Akakoroga, akatia tena. Wembe aliona. Jana yake Tofali alimwita kwa jina la marehemu kaka yake, wala hakujishtukia. Wembe alicheka tu. Angesema nini?

— Nimepata! Spika akapaza sauti. Nyumba ikiachwa na nondo zimechomoza juu, maana yake nini?

— Mwenye nyumba ana mpango wa ghorofa, alijibu Tofali.

— Basi! Ubongo wako unaongeza ghorofa! Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Mgeni gani tena?

— Mgeni ni akili!

Hapo ndipo alipotokea fundi cherehani wa mlango wa pili, dada aliyehamia juzijuzi, amekuja kuazima ufagio. Yote alikuwa ameyasikia. Spika hana siri na mtaa.

— Samahanini, kaka zangu. Kaka Tofali, wewe si mwashi?

— Tangu ujana wangu, dada.

— Ukikuta nondo imetokeza ubavuni mwa nguzo, huwa unauliza nguzo imekula nini?

Breki akachungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Mashine ya kunyolea ikaendelea kulia hewani peke yake mpaka Wembe akaizima.

— Naogopa, alisema Tofali, akiwa ameinamisha uso. Wakipiga hiyo picha wakakuta ufa, je? Hata mke wangu sijamwambia.

— Na mimi naogopa, Wembe alimjibu. Umetia sukari mara tatu, ndugu yangu. Jana umeniita kwa jina la marehemu kaka yako, nikacheka. Kile kicheko kilikuwa cha woga.

Tofali akaitazama kahawa yake, akaonja, akakunja uso.

— Usipoziba ufa, utajenga ukuta, akasema mtu kwa sauti ya chini kabisa.

Wote wakageuka. Alikuwa Spika.

— Leo umeipatia, Breki alimwambia.

Wembe akafunga saluni, akamwachia yule dada ufagio na birika. Akamshika Tofali mkono, kama walivyokuwa wakishikana zamani wakivuka barabara, na Tofali hakuutoa.

— Na kichwa changu? Spika akauliza nyuma yao.

— Tukirudi.

Hospitalini, nesi wa mapokezi aliwatazama wote wanne, macho yakamgandia Spika: upande mmoja upara, upande mwingine kichaka, shuka bado shingoni.

— Pole sana, baba, alimwambia kwa huruma, kisha akamgeukia Wembe. Ndiye mgonjwa mwenyewe huyu?

Wembe alifungua mdomo ajibu, lakini Tofali alimtangulia.

— Hapana, sista. Mgonjwa ni mimi.