Koili za Gitaa la Baba

Ndugu, majirani na wote mliosimama na sisi leo, familia imenituma mimi, mdogo wa kike wa marehemu, niwasomee maisha yake, na karatasi niliyopewa na kaka yetu mkubwa ni fupi na safi, imepigwa chapa vizuri, ila kuna mahali haisemi kweli, kwa hiyo nitaisoma, na pale isiposema nitasema mwenyewe, na atakayekasirika akasirike.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa baba yetu, mpiga gitaa la umeme wa bendi ya roki iliyokuwa ikipiga kila Jumamosi katika ukumbi nyuma ya kituo cha treni, na mama yetu, mshonaji. Alianza darasa la kwanza mwaka 1964, akamaliza la saba mwaka 1970, akaingia chuo cha ufundi mwaka uliofuata na kutunukiwa cheti cha ufundi umeme tarehe 29 Novemba 1974, na mwalimu wake aliandika kwamba ana mikono mitulivu kuliko wote aliowahi kuwafundisha.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa kama fundi wa kusuka mota katika karakana ya kiwanda cha nyuzi, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na saba bila kupewa onyo hata moja. Wenzake waliokaa pale kushoto watawaambia kwamba kazi ile ina sheria moja iliyo juu ya zote, mota iliyoungua hufumuliwa waya polepole huku ukihesabu mizunguko, ukishapata hesabu ndipo unasuka waya mpya kwa hesabu ileile, na anayekata waya bila kuhesabu hana tofauti na mtu aliyechoma ramani halafu akaanza safari.

Hapa karatasi inasema, "Mwaka 1979 marehemu aliharibu gitaa la baba." Jamani! Mstari mmoja, kama vile alivunja kikombe.

Sasa nisikilizeni. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna koili, vipande vidogo vya sumaku vilivyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, na hivyo ndivyo vinavyoikamata sauti na kuipeleka kwenye amplifaya. Koili za gitaa la baba zilikuwa za zamani, dhaifu kidogo, zinapiga mluzi ukisimama vibaya, lakini sauti yake ilikuwa tamu juu na nzito chini, na baba akibonyeza ilinguruma kama mtu anayecheka kifuani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, Jumamosi tarehe 12 Mei 1979 ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuimba na bendi ile, na nilikuwa na kiburi cha kitoto, niliona bendi ya vijana wa ng'ambo ya reli ina vyombo vipya vyenye nguvu, nikamlilia kaka huyu marehemu azisuke upya koili za baba ziwe na nguvu kama zao, baba asijue, iwe zawadi. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali, kwa sababu hakujua kuninyima kitu.

Tulikuwa wawili tu kwenye meza ya karakana saa za mchana, yeye anafumua na kuhesabu kwa sauti ya chini, amefika mia nne na kitu, mimi nimesimama naangalia saa ya ukutani, saa kumi na mbili natakiwa jukwaani, nikamwambia utahesabu mpaka kesho, akanyoosha kidole ninyamaze asipoteze hesabu, na mimi nikachukua mkasi nikaukata waya wote, koili ya kwanza na ya pili. Mkasi niliushika mimi. Haraka haraka haina baraka, nimeisema methali hiyo kwa watoto wangu wote bila kuwaambia niliijulia wapi.

Akasuka kwa kukisia, akajaza waya mwingi kama wa mota ya pampu, na jioni ile baba akapiga akodi tatu, sauti ikatoka kubwa na butu, akalilaza gitaa juu ya kiti akisema hili si langu, akaazima la mwenzake. Hakulishika tena, na tarehe 2 Novemba mwaka uleule akafariki, na kaka mkubwa akatamka mbele ya watu kwamba mzee amekufa na kinyongo cha gitaa lake, na marehemu akainamisha kichwa, na mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake na nikanyamaza. Nimenyamaza miaka arobaini na mitano.

Tarehe 18 Desemba 1982 marehemu alifunga ndoa na wifi yangu huyu, wakajaliwa binti mwaka 1984 na mwana mwaka 1988. Wifi alizoea kusema ameolewa penye mke mwenza wa waya, na tulicheka, lakini hakuwa anatania, kwa sababu marehemu akitoka kazini alikaa kwenye chumba cha nyuma akisuka koili za gitaa la baba, akibadilisha unene wa waya, akitafuta sumaku kuukuu zilizochoka, akihesabu na kuandika kila kitu kwenye daftari. Wapiga gitaa walimletea magitaa yao mapya yenye sauti kavu, akayabadilishia koili, wakaondoka na ile sauti ya roki ya zamani wanayojivunia hadi leo, nawaona mmevaa miwani myeusi pale nyuma, alipoumwa sikuwaona.

La baba tu ndilo lilimshinda, na hakimu nilikuwa mimi, kwa sababu ni mimi tu niliyebaki ninayeikumbuka sauti ile vizuri. Kila akimaliza kusuka alikuja nyumbani kwangu, anapiga zile akodi tatu, ananitazama, mimi natikisa kichwa nasema bado. Ndiyo maana mkamwita Bado. Jina hilo mlilomtania nalo kazini na mtaani lilitoka mdomoni mwangu.

Jumapili tarehe 22 Machi 2009 alikuja na jaribio la kumi na tisa. Nilikuwa nimefiwa na mume wangu siku kumi na moja kabla, na kaka akaingia sebuleni ameshika amplifaya, akaanza kutafuta soketi kabla hajanipa pole. Akapiga. Baba alikuwa mle ndani, ilikuwa ileile, haikupungua wala kuzidi. Na mimi kwa hasira, kwa uchungu wa kuonwa sikio tu na si dada, nikamwangalia usoni nikasema bado. Akashukuru, akakunja waya wake, akaenda nyumbani akaifumua. Nilidhani kesho nitamwambia, kesho ikawa aibu, na aibu ikazaa ukimya mwingine, na yeye akaendelea kusuka mara kumi na mbili zaidi akitafuta kitu alichokwisha kukipata.

Mwezi Juni 2021 mikono ile mitulivu ilianza kutetemeka, madaktari wakasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na binti yake akawa anamshikia waya. Tarehe 6 Januari 2025 alilazwa kwa homa ya mapafu, na jioni moja wodini akaniuliza kwa taabu, ile ya kumi na tisa, una hakika? Nikamwambia alale, kaka, alale. Alifariki Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani mliovumilia akodi zilezile tatu miaka yote hiyo, na wafanyakazi wenzake wa karakana mliolibeba jeneza. Kaka mkubwa, baba hakufa na kinyongo na huyu, kama alikuwa nacho kilinihusu mimi, ufute ule mstari. Binti, shangazi yako anakuomba ufungue daftari ukurasa wa kumi na tisa, koili ya nyuma mizunguko elfu saba mia nane ishirini na sita, ya mbele elfu saba mia nne na kumi, usuke hivyohivyo, na kwenye hesabu usimwache mtu akuharakishe.

Na wewe kaka, uliniuliza na nikakunyima. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Pumzika sasa.